Ukumbi wa Hewani Umejaa

Katika nchi ambayo ramani yake huchapishwa upya baada ya kila uchaguzi, ingawa mipaka haijawahi kusogea, kulikuwa na sheria nzuri iliyoitwa Sheria ya Uthibitisho wa Uhai. Sheria hiyo ilimtaka kila raia aliyetimiza miaka sitini ajitokeze mbele ya Serikali siku moja maalumu kwa mwaka, aonekane, aseme neno "nipo", kisha arudi nyumbani kuendelea kuishi. Ambaye hakujitokeza hadi saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo aliandikwa kuwa amefariki. Hapakuwa na chuki yoyote katika jambo hilo. Serikali ilitaka tu kujua.

Kwa miaka mingi wazee walithibitishwa katika viwanja vya mpira. Walipanga mstari juani tangu alfajiri, na baadhi yao walifika wakiwa hai na kuondoka wakiwa katika hali nyingine. Jambo hilo liliwasumbua sana makarani, kwa sababu fomu haikuwa na kisanduku cha mtu wa namna hiyo. Makarani walipolalamika, Wizara ya Uhai na Takwimu ilileta mageuzi. Ilinunua seva moja, ikaifunga katika chumba chenye kiyoyozi kwenye ghorofa ya pili, na kuiita Ukumbi wa Hewani. Mzee hakutakiwa tena kusafiri, wala kupakua kitu chochote. Alitakiwa kufungua kivinjari katika simu, kubonyeza kiungo, na kuonekana.

Waziri, Mheshimiwa Daktari Mtondoo, aliuzindua ukumbi huo kabla haujawashwa.

"Ukumbi huu," alisema, "unabeba watu elfu hamsini kwa mpigo!"

Takwimu hiyo aliipata kwa utafiti. Alikuwa amemuuliza dereva wake Uwanja wa Taifa unaingiza watu wangapi, dereva akasema elfu hamsini, naye hakuona sababu ya ukumbi wa hewa kuwa mdogo kuliko uwanja wa saruji. Wazee wa nchi nzima walikuwa elfu arobaini na nane. Nafasi, kwa hiyo, zilitosha na kubaki.

Kazi ya kupima seva ilikabidhiwa kwa Mhandisi Mboni Kizota wiki moja baada ya uzinduzi. Katika nchi hiyo kupima hufuata kutangaza, ili mpimaji ajue anatafuta nini.

Mboni alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, daftari la mistari, na tabia ya kuandika tarehe juu ya kila ukurasa. Katika miaka tisa ya utumishi alikuwa amejifunza kutoshangaa. Mshangao, kama likizo, ulihitaji kuombwa kwa maandishi. Alikuwa na baba, Mzee Kizota, mpima ardhi mstaafu wa miaka sabini na minne, aliyeishi peke yake katika wilaya ya mbali. Mwaka uliotangulia, Mzee Kizota alianguka katika mstari wa uwanjani. Alimwagiwa maji, akasema "nipo" akiwa amelala chali, akapita. Mboni alitaka mwaka huu baba yake apite akiwa amekaa kitini. Hilo tu ndilo alilolitaka kutoka kwa seva ile.

*

Jaribio la kwanza lilifanywa Jumatatu, kwa kutumia watumishi mia moja wa Wizara. Mboni aliwaandikia maelekezo mafupi. Waingie mmoja mmoja, kila baada ya nusu dakika. Wazime kamera na maikrofoni hadi watakapoitwa.

Maelekezo hayo yalirudishwa na Mkuu wa Itifaki, Bwana Lukwaro, yakiwa yamepigwa mistari miwili ya wino mwekundu. Bwana Lukwaro alikuwa mtu mrefu, msafi, aliyezungumza polepole kama anayesoma maandishi ya mbali.

"Mhandisi," alisema, "Mheshimiwa mwenyewe atakuwepo. Unataka watumishi wamfichie nyuso zao?"

"Kamera ndizo mzigo, Bwana Mkuu," Mboni alisema. "Kila mwenye kamera iliyowashwa, seva inachukua picha yake na kuwapelekea wote waliomo. Wakiwa kumi, ni picha kumi mara tisa. Wakiwa mia, ni mia mara tisini na tisa."

"Na kuingia mmoja mmoja? Mgeni rasmi aingie halafu watu waendelee kuingia?"

"Basi yeye aingie wa mwisho."

"Bila shaka yeye ataingia wa mwisho. Nao watamlaki."

Ikawa hivyo. Watumishi mia moja walikaa mlangoni, vidole vikiwa juu ya kiungo, wakisubiri kuambiwa kwamba Mheshimiwa anakaribia. Walipoambiwa, waliingia wote kwa pamoja, nyuso zikiwa wazi, maikrofoni zikiwa wazi, na kila mmoja akaanza kumwamkia.

Seva ilipokea wa sitini na mbili. Wa sitini na tatu alipoingia, ilisimama.

Mheshimiwa Waziri aliganda kwenye skrini akiwa amefumba jicho moja, mdomo wazi, kidole kikielekea juu. Alikaa hivyo kwa dakika kumi na moja. Watumishi, kwa kutojua kama hiyo ilikuwa hitilafu au msisitizo, walipiga makofi. Hakuna aliyethubutu kutoka. Gazeti la Serikali liliandika kesho yake kwamba Waziri aliwakodolea macho wazembe.

Mboni aliandika tarehe, kisha akaandika: *Watu 62, nyuso zikionekana.*

*

"Sitini na mbili nini?" Bwana Lukwaro aliuliza. "Elfu?"

"Watu, Bwana Mkuu."

"Mheshimiwa alishasema elfu hamsini."

"Nilimsikia."

"Sasa nieleze vizuri nielewe. Wewe unaipima seva, au unampima Mheshimiwa?"

Mboni alisema anaipima seva. Bwana Lukwaro alisema hilo limempa faraja, na akampa siku nne za kupima vizuri zaidi.

Msaidizi wa Mboni alikuwa fundi Hamduni, mtu wa makamo mwenye tumbo na utani, aliyekuwa ameajiriwa kwa muda tangu awe na nywele. Yeye ndiye aliyependekeza washiriki bandia. Katika kazi ya kupima seva hilo ni jambo la kawaida. Fundi huandika programu inayofungua vivinjari vingi peke yake, na kila kivinjari huingia ukumbini kana kwamba kimefunguliwa na mtu. Kwa kuwa hakuna mtu, kamera huonyesha duara la kijani linalozunguka, na maikrofoni hutoa mlio mfupi kila sekunde.

"Watu wazuri sana hawa, dada," Hamduni alisema. "Hawachelewi, hawaendi msalani, na hawaombi posho. Ukiwapa chama wanaweza kutawala."

"Waingize."

Waliingizwa. Kila mmoja alipewa jina na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mlango wa ukumbi haukubali mtu asiye na umri. Maduara ya kijani yalijaa kwenye skrini. Yalipozidi sitini na mbili, seva ilisimama. Haikuwa imetambua nani ana roho na nani hana, na Mboni aliiheshimu kwa hilo.

Bwana Lukwaro alikuja kutazama siku ya pili. Aliuliza kinachoielemea seva ni nini. Mboni alimjibu tena kwamba ni nyuso.

"Ziondoeni."

Hamduni aliziondoa nyuso. Seva ilibeba elfu tatu na mia moja.

"Sasa kinachoielemea ni nini?"

"Sauti."

Sauti ziliondolewa. Seva ilibeba elfu kumi na tisa. Siku ya nne waliondoa kila kilichoweza kuondolewa, na yakabaki majina peke yake, meupe juu ya skrini nyeusi, moja chini ya jingine. Yalifika elfu hamsini. Feni za seva hata hazikuongeza mwendo.

"Mmeona?" Bwana Lukwaro alisema kwa upole. "Mheshimiwa huwa hakosei. Huwa anatangulia tu."

Alimwekea Mboni cheti mezani. Kilikuwa na mstari mmoja: *Ukumbi wa Hewani umepimwa na kuthibitika kubeba watu* — kisha nafasi ya tarakimu, kisha nafasi ya saini.

"Kuna sharti," Mboni alisema. "Ni elfu hamsini endapo hawatakuwa na sura wala sauti."

"Mstari ni mmoja, Mhandisi."

"Wazee wanatakiwa waonekane. Waseme 'nipo'. Ndiyo sheria."

"Sheria inataka wawepo. Jina likiwa ukumbini, mwenyewe yupo. Waraka utatoka kesho." Alisogeza kalamu. "Nasikia mzee wako yuko mbali, na mwaka jana alipata taabu. Jina lake tutalitanguliza. Nafasi ya heshima, mbele kabisa. Hatasukumana na mtu."

Mboni alitazama kalamu. Alijaribu kuhisi kitu, akakuta hakuna. Aliandika 50,000, akasaini, kisha akageuza cheti na kuandika sharti lake upande wa nyuma, kwa maneno kumi na manne yaliyo wazi. Cheti kilitiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani.

Alipotaka kuwatoa washiriki bandia ili kuufanya ukumbi kuwa mtupu, Bwana Lukwaro alimzuia. Mgeni rasmi haingii katika ukumbi mtupu. Haijawahi kutokea katika nchi hiyo. Hata katika viwanja vya mpira, wanafunzi na akina mama wa kikundi cha ngoma huketishwa saa nne kabla, ili kiongozi akifika akute watu. Hao elfu hamsini wangekaa kama walivyo hadi Mheshimiwa awakute.

"Wenye ukumbi wataingia wapi?" Mboni aliuliza.

"Watafuatia," alisema Bwana Lukwaro.

*

Siku ya Uthibitisho, saa nne asubuhi, Mheshimiwa Waziri aliingia katika Ukumbi wa Hewani akakuta umejaa. Alifurahi sana. Alihutubia kwa saa mbili na nusu. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya uongozi hajawahi kukutana na wazee watulivu kama hao.

"Wengine walizoea kukohoa katikati ya hotuba!" alisema. "Wengine walikuwa wakiuliza maswali! Leo mmekomaa. Sasa nawauliza, wazee wangu: mpo?"

Majina elfu hamsini yalikaa kimya.

"Kimya kimepita kwa kauli moja," Bwana Lukwaro alitangaza, na wote waliokuwemo wakathibitishwa kuwa hai. Waziri aliaga, akaenda kwenye chakula cha mchana.

Nje ya ukumbi, wazee elfu arobaini na nane walikuwa wameshika simu zao. Wengi walikuwa wamevaa vizuri. Kwenye kila simu palikuwa na maneno haya: *Ukumbi umejaa. Tafadhali subiri.* Wakasubiri. Walikuwa na uzoefu.

Simu ya Mboni iliita saa nane mchana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Umeingia?"

"Ndilo ninalokupigia. Wenzangu hapa wanaambiwa wasubiri. Mimi naambiwa, ngoja nivae miwani nikusomee." Akaivaa. "'Mzee Kizota yumo ndani tayari. Kutumia jina la mtu aliye hai ni kosa.' Sasa, mwanangu, huyo aliyemo ndani ni nani?"

Mboni alitazama skrini. Lilikuwa jina la kwanza kabisa, juu ya mengine yote, kama alivyoahidiwa.

"Ni wewe, baba."

"Nimeingia saa ngapi?"

"Juzi."

"Na nimeshathibitishwa?"

"Umeshathibitishwa."

"Mbona kuna mtendaji wa kata hapa, amekaa kwenye kochi langu, anasema saa kumi na mbili atachukua kitambulisho changu? Anasema mwenye hilo jina yuko mjini na Waziri."

"Mpe simu."

Mtendaji alipokea simu kwa adabu. Alisema yeye hana neno na mzee, mzee ni mtu mwema na amempa chai. Lakini taarifa iliyoletwa inasema mtu mmoja katika kata yake anajaribu kuishi mara mbili, na fomu ya kosa hilo anayo.

*

Bwana Lukwaro alikuwa ofisini kwake akipunguza mkanda baada ya chakula. Alimsikiliza Mboni hadi mwisho.

"Baba yako yuko salama kabisa," alisema. "Huyo wa kijijini ndiye mwenye matatizo."

"Naomba niwatoe wale bandia. Wote. Wazee wenyewe waingie."

"Bandia?" Alisimama. "Wale wamethibitishwa kuwa hai na Waziri, mbele ya vyombo vya habari. Wewe umethibitishwa na nani?"

"Naweza kuizima seva, ikaanza upya."

"Ukiizima utakuwa umeua wazee elfu hamsini kwa mkupuo. Sidhani kama una moyo huo." Alifungua droo. "Aliyethibitishwa hatolewi ukumbini ila kwa kufa. Kuna Fomu Namba Tisa, Taarifa ya Kifo. Moja kwa kila mtu. Inasainiwa na ndugu wa damu wa marehemu. Chukua unazotaka."

Mboni alichukua bunda zima. Alirudi nalo kwenye chumba cha seva, akaliweka mbele ya Hamduni. Hamduni aliisoma fomu ya juu, kisha akakuna kichwa.

"Dada, hawa hawana ndugu," alisema. "Niliwapa majina, nikawapa miaka. Sikuwapa ndugu. Nani angefikiria?"

"Hakuna hata mmoja?"

"Yupo mmoja."

Walilitazama jina lile la kwanza.

"Nikisaini, baba ataweza kuingia?"

"Hapana. Utakuwa umesaini kwamba amekufa. Mlango haupokei marehemu."

"Na nafasi yake?"

"Inachukuliwa na wa kwanza kwenye foleni."

"Ni nani?"

"Sijui. Mtu." Hamduni alishusha sauti. "Dada, mwache tu. Atakuwa hai kwenye karatasi. Nani siku hizi ana zaidi ya hapo?"

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mboni alimpigia baba yake, akamweleza yote kwa mpangilio, jambo la kwanza kwanza, jambo la pili pili. Mzee Kizota alikuwa mpima ardhi, na alipenda kuelezwa hivyo.

"Kwa hiyo ukiacha kama ilivyo," alisema, "jina langu linaishi huko, na mimi hapa ni tapeli."

"Ndiyo."

"Na ukisaini, mimi ni marehemu."

"Ndiyo, baba."

"Afadhali marehemu. Marehemu hawekwi ndani." Alimuuliza mtendaji kitu, wakacheka wote wawili. "Mtendaji anakubali. Anasema fomu ya marehemu hanayo kabisa, atakwenda zake nyumbani."

"Baba, hii haifutiki. Hospitali hawatakupokea. Mwakani hutaitwa."

"Mwakani sitaanguka tena uwanjani. Ndicho ulichotaka, sivyo?" Mboni alisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani. "Huyo wa kwanza kwenye foleni, ana uso?"

"Wote walioko nje wana nyuso, baba."

"Basi. Jina langu limekaa humo tangu juzi, halijafanya kazi yoyote. Litoe. Saini vizuri, usije ukaharibu fomu."

Mboni aliijaza Fomu Namba Tisa kwa herufi kubwa. Penye *Jina la marehemu* aliandika jina. Penye *Uhusiano* aliandika mwana. Penye *Sababu ya kifo* alisita, kisha akaandika nafasi ya heshima. Aliandika tarehe. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne alipoingiza namba ya fomu kwenye mashine, na jina la kwanza likatoweka.

Kwa muda kidogo pale juu palikuwa peusi. Kisha picha ikajijenga polepole. Alionekana bibi mmoja, ushungi umekazwa, simu imeshikwa karibu mno kiasi kwamba uso wake ulikaribia kujaza skrini. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa na kalenda ya miaka miwili iliyopita. Ulikuwa uso pekee katika ukumbi mzima.

"Nipo," bibi alisema. Akasogea karibu zaidi. "Jamani, nipo. Kuna mtu?"

Mboni aliwasha maikrofoni yake.

"Shikamoo, bibi. Tumekuona."

"Marahaba, mama. Tangu asubuhi! Basi nimeshapita? Nina wenzangu hapa barazani kumi na mmoja, nao wanataka simu hii."

Saa ya ukutani ilifika kumi na mbili. Juu ya skrini yakatokea maneno kwamba zoezi limefungwa, kwamba lilikuwa la mafanikio, na kwamba taifa linawashukuru walio hai. Hamduni aligeuka akatazama dirishani, ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Umepita, bibi," Mboni alisema.

"Nitoke sasa, niwape?"

"Usitoke."

"Hadi lini, mwanangu?"

Mboni alivuta bunda la fomu, akatafuta kanuni iliyochapwa chini kwa herufi ndogo, ile ya kutotoka ukumbini ila kwa kufa, ingawa aliijua. Hakuisoma kwa sauti.

"Kaa tu hapo hapo, bibi," alisema. "Waambie hao wenzako wakuletee kiti."